Faini ya Nini? Barua kwa Kina Mama wa Matembezi ya Alfajiri

Wanangu na wakaza wanangu wa Kibokoni, Mombasa,

Assalaam aleikum.

Juzi kikaoni nilinyamaza, na kunyamaza kwangu naona mmekuhesabu ni kukubali. Sikukubali. Hiyo faini ya shilingi 50 kwa kila siku mtu asipotokea, iondoeni. Na habari ya sare nayo iwekeni kando. Sare ni ya harusi. Kutoka Ngomeni, pale Fort Jesus, hadi ufukweni Mama Ngina hakutaki kitambaa cha dukani, na kuna mwenzetu ameacha kuja tangu kitambaa kilipotajwa bei.

Mwezi uliopita nilipotea wiki tatu. Wengine mlidhani nimekwenda Lamu. Nilikuwa nyumbani. Goti lilinivimba, nikalala siku nne, na lilipopoa nikaanza kupiga hesabu ya faini. Ikawa kila alfajiri nawasikia mkipita chochoroni, champali zinaburura, yule mcheshi wenu anacheka hadi paka wanakimbia, nami nimejibanza nyuma ya pazia kama mwenye deni la duka. Mtu mzima wa miaka 72! Ndipo siku moja binti mmoja akapiga hodi. "Bi, leo twaenda mpaka Ngomeni tu, kisha twarudi." Hakutaja goti wala pesa. Nikatafuta mtandio wangu.

Basi hilo ndilo ninalowaomba. Mtu akikosekana siku mbili, jirani yake agonge. Asimuulize mbona haji. Amwambie tu leo twaenda mpaka wapi, na pawe karibu.

Nanyi mnaotangulia mbele, punguzeni. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na hata ukizigawa kumi asubuhi, ishirini jioni, zahesabiwa. Kipimo chake ni mdomo: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Ninyi hata salamu hamuitikii kwa kuhema, na wa nyuma wanajiona mzigo.

Sisi tuliovuka 65 twatakiwa pia mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili tusianguke. Hayo tuyafanye palepale kwenye mibuyu ya Mama Ngina. Keti, inuka bila kushika kitu, keti tena. Mara yangu ya kwanza niliweza tatu, na ya tatu nusura nimwangukie mwenzangu mapajani. Sasa nafika nane.

Wenye sukari, champali si viatu vyenu. Mguu ukishaingia ganzi, kijiwe chakukata usijue, na kidonda chaanza hapo. Raba ikung'uteni kabla ya kuvaa. Mkirudi tazameni nyayo, mpaka katikati ya vidole. Macho yakiwa hafifu, mjukuu atazame. Anayechoma insulini asitoke bila kitu kitamu mkobani.

Haya, mahamri. Twatembea nusu saa, kisha twakaa saa nzima kwa mahamri na mbaazi, na sukari ya chai twajimiminia kama zawadi. Mbaazi sina ugomvi nazo, ni chakula chema. Ila nimewahesabia mahamri, na mwenye saba anajijua. Hata ule muhogo wa jioni pale Mama Ngina, mwambieni muuzaji atie ndimu na pilipili, chumvi aiache. Chumvi ya siku nzima haifai kuzidi kijiko kimoja cha chai, na nusu yake mshaila kwenye mchuzi.

Kaskazi ikianza na joto lake, tutoke mara tu baada ya swala, jua lisitukute njiani.

Zile faini zilizokwisha kukusanywa, rudisheni. Yangu msirudishe, nunueni maji ya kunywa njiani.

Na yule mwenzetu wa sare, kesho nitampitia mwenyewe. Niacheni nitangulie kidogo, maana ngazi zake ni ndefu na goti langu lapanda polepole. Mkifika kwake mkatuona bado hatujashuka, ngojeni hapo chini.

Bi mkubwa wenu