Ile sukari ya kwenye ORS

Shoga yangu,

Za huko Mwanza, na mtoto anaendeleaje? Huku Nkuhungu tuko salama, ni jua na vumbi tu kama unavyoijua Dodoma. Juzi kwenye simu ulivyosema mtoto alipoharisha ulimpa soda kwa sababu ORS, ule unga wa kukoroga kwenye maji kwa anayeharisha, ni chumvi na sukari tu, afu ukaniuliza hiyo sukari kwani ni ya nini, mi nilikuwa kwenye bajaji sikukujibu vizuri na toka siku hiyo roho haijatulia, sa leo nimekaa nikuandikie.

Binti yangu yuko form two, wako kwenye osmosisi, nikamkuta anakariri maneno ya Kiingereza mistari na mistari wala haelewi kitu. Nikamwambia funga daftari. Tukachukua zabibu kavu tukaziloweka kwenye kikombe cha maji, kikombe kingine tukakoroga sukari nzito kama ya kupikia visheti tukatumbukiza vipande vya kiazi mviringo. Asubuhi zabibu zimevimba mpaka mikunjo imeisha, moja imepasuka pembeni, na kile kiazi ukikishika kinapinda bila kuvunjika, kimelegea kabisa. Binti akakikunja kunja pale akaniuliza maji yake yameenda wapi. Yametoka, yamefuata sukari. Maji yanaenda kule kwenye sukari au chumvi nyingi, yakipita kwenye utando wa seli, na hiyo ndo osmosisi yenyewe.

Na huo utando ndo ninaoupenda mimi. Ni mwembamba, kama nanomita 7 au 8 hivi, yaani upange zaidi ya elfu kumi ndo upate unene wa karatasi moja ya daftari. Umetengenezwa na mafuta yanaitwa fosfolipidi, kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo zinajipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje, mikia imeelekeana katikati. Sa katikati pakishakuwa mafuta, chumvi haipiti hata ufanyeje, na sukari hivyo hivyo, lazima kuwe na mlango. Milango ni protini zilizochomekwa humo kwenye utando, na kila mlango una mtu wake. Maji yana wa kwao, aliyeugundua ni Peter Agre wa Marekani na mwaka 2003 akapewa Nobel.

Protini hizo zinaundwa ndani ya seli na viwanda vidogo vinaitwa ribosomu, kwa maelekezo yanayotoka kwenye kiini cha seli, na vingine vinaitwa mitokondria ndo vinatoa nguvu, sitakuchosha na hayo yote. Ila nguvu hiyo ikumbuke maana kuna pampu kwenye utando inaila usiku na mchana, kila mzunguko inatoa sodiamu 3, ile ya kwenye chumvi, nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Kwa hiyo ndani ya seli sodiamu inakuwa kidogo muda wote, na ya nje inatafuta pa kuingilia.

Haya, sasa utumbo wa mtoto. Seli za utumbo zina mlango mmoja ambao sodiamu haipiti peke yake wala glukosi, yaani sukari, haipiti peke yake, mpaka wawe wote, sodiamu 2 na glukosi 1, wanaingia pamoja na maji yanafuata nyuma. Umeona? Sukari pale ndo inayoivusha chumvi, na chumvi na sukari ndo zinavuta maji kurudi mwilini. Na kinachonigusa mimi ni kwamba hata kipindupindu, pamoja na maji yote yanayomwagika, mlango huu hakiuharibu. Mtoto anaendelea kuharisha lakini utumbo wake bado unafyonza maji ya ORS, ndo maana anapona.

Soda sasa, sukari yake ni nyingi mno na chumvi karibu hamna. Kumbuka kile kiazi. Maji yanatoka kwenye mwili wa mtoto yanaingia utumboni kuifuata sukari, kuhara kunazidi. Tafadhali shoga, usimpe tena, wala juisi za dukani.

Pakiti ya ORS ikoroge kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita moja, usipunguze maji ukidhani itakuwa kali zaidi. Siku pakiti hamna, lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, usirundike, hasa chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri kama dakika 10 urudie, na ulize zinki hapo zahanati. Ukiona macho yamedidimia, au amelegea hataki kunywa, au kuna damu, usimalizie hata kikombe, mbebe uende.

Zabibu nakutumia na basi la Ijumaa, kilo mbili mbichi na pakiti ya kavu, ile kavu loweka na wanao waone wenyewe. Nijibu mtoto anaendeleaje.

Wako,
shoga yako wa Dom