Risala ya Kikundi cha Wahudumu wa Kujitolea wa Kifua Kikuu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi uje kutusikiliza.

Kikundi chetu kilianzishwa na watu waliopona kifua kikuu pamoja na wahudumu wa afya wa jamii. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa sana: tunawafuata wagonjwa majumbani, kila mgonjwa ana kadi ya uzito, na tunajivunia mizani yetu wenyewe. Mengine yamo katika taarifa uliyokabidhiwa.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: chakula cha mgonjwa kwa miezi yote 6 ya matibabu.

Kifua kikuu hukondesha, na aliyekonda sana yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa hata akimeza dawa. Dawa zikishika, hamu ya kula hurudi, na hapo ndipo mwili unapodai chakula cha kurudisha misuli. Pasipo na kitu jikoni, kichefuchefu cha dawa hakivumiliki, na mgonjwa huanza kuruka dozi. Vidonge vya vitamini B6 ni muhimu, lakini kazi yake ni kukinga ganzi ya miguu inayoletwa na isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Havijazi nafasi ya mlo.

Kiasi kinachohitajika kinajulikana. Katika utafiti wa Jharkhand, India, uliochapishwa mwaka 2023, kila mgonjwa alipewa kilo 10 kwa mwezi: mchele 5, unga wa dengu zilizokaangwa 3, maziwa ya unga 1.5 na mafuta nusu kilo, pamoja na vidonge vya vitamini na madini. Hizo ni kalori 1,200 na gramu 52 za protini kwa siku. Walioongeza uzito kwa asilimia 5 katika miezi 2 ya kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo kwa asilimia 61.

Tunasisitiza pia familia. Chakula cha mgonjwa kikiingia nyumba yenye njaa, huliwa na wote, na hakuna mzazi atakayekula peke yake watoto wakimtazama. Kule India, katika baadhi ya kaya, kila mwanakaya aliongezewa mchele kilo 5 na jamii ya kunde kilo 1.5, na maambukizi yaliyogeuka ugonjwa katika kaya hizo yakapungua kwa asilimia 39 kuliko katika kaya zisizoongezewa. Kwa kaya ya watu 5, mgonjwa akiwa mmoja, jumla ni kilo 36 kwa mwezi.

Mheshimiwa, kwa unyenyekevu tunakumbusha kwamba ombi hili si geni. Waliokalia kiti hicho kabla yako walilipokea, wakaahidi, tukawapigia makofi. Yalikuja magunia ya siku ya maadhimisho, picha zikapigwa, mwezi uliofuata ghala likawa tupu. Mgonjwa alikuwa bado ana miezi 5 ya dawa.

Kwa hiyo tunaomba chakula kifike kila mwezi kabla ya siku ya kuchukua dawa, ili mgonjwa apimwe uzito, arekebishiwe dozi na apokee chakula kwa safari moja. Asiyeongezeka uzito ataonekana mapema, achunguzwe kisukari, virusi vya UKIMWI au usugu wa dawa. Maziwa yaje katika pakiti zilizofungwa, kwani yakipata unyevu huganda, na mafuta katika chupa za nusu kilo, kwa sababu mafuta ya kupima kwa kikombe hayawatoshi wote.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utakaposimama kujibu, ututajie tarehe ya mzigo wa kwanza na jina la ofisa tutakayemfuata mzigo huo usipofika.

Tunaomba kuwasilisha.