Risala ya Vijana wa Bandarini, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima, sisi vijana tunaoishi kati ya stesheni na Kibirizi tunakukaribisha mwisho wa reli, tukiwa na maombi yetu kuhusu kuboreshwa kwa bandari.

Hapo mezani, pembeni ya chupa yako ya maji, kuna ribiti, pini nene ya chuma ya kuungia mabamba ya meli. Tafadhali ishike. Tuliinunua kwa muuza vyuma chakavu, akaipima kwenye mizani pamoja na sufuria zilizotoboka. Ni ya meli gani, naye hakujua.

Mji huu uliungwa kwa ribiti za namna hiyo. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, nayo ikaleta makasha ya vipande vya meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani. Ikaungwa upya hapa ufukweni, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikatekwa, ila kwanza mafundi wakazipaka injini grisi zisile kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Pengine mhifadhi bora tuliyewahi kuwa naye ni kopo la grisi!

Mgeni Rasmi, tunataka bandari iboreshwe. Tunachoogopa ni greda. Kule Ujiji nyumba moja ya zamani ilibomolewa, na mlango wake wa nakshi tukaukuta kesho yake umekuwa ukuta wa banda la kuku. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Kule Duisburg, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine, kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985 hakikung'olewa. Leo ni bustani ya watu wote, na tangi lake la gesi limejazwa maji, wazamiaji wanajifunzia humo. Sisi hatuombi makubwa hivyo. Tunaomba karakana kuukuu zisiguswe kabla ya kupigwa picha na kuorodheshwa, na tupewe chumba kimoja ambamo mafundi wastaafu watakuja kutusimulia wangali hai.

Ombi zito zaidi ni la mama zetu wanaoanika dagaa Kibirizi. Ufukwe ukipendeza, kodi hupanda, na anayehama ni mwenyeji. Wawekwe kwenye ramani tangu mwanzo, na vichanja vyao vyote.

Ribiti hiyo ni yako, Mgeni Rasmi. Iweke juu ya meza ya ofisi yako, ikandamize karatasi za ramani zitakapoletwa.

Tunaomba kuwasilisha.