Ukuta wa Nyuma ya Jiko na Sinki

Nyegezi, Mwanza

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, pamoja na pongezi kwa hatua mliyofikia katika nyumba yenu ya Buswelu. Umeniuliza uweke nini kwenye ukuta wa nyuma ya jiko na sinki, na bafuni pia. Kabla hujaenda dukani nakusihi usichague kigae kwa kutazama uso wake peke yake; kigeuze utazame na mgongo, kwa kuwa mgongo na viungio, yaani nafasi zilizo kati ya kigae na kigae, ndivyo vinavyoamua kama ukuta utadumu.

Dondosha tone la maji kwenye mgongo wa kigae cha kauri nawe utaliona likinywewa papo hapo. Hiyo si kasoro. Ukutani, mahali pasipokanyagwa, kauri inatosha kabisa, tena ni nyepesi, hukatika vizuri na bei yake ni nafuu. Sharti tu fundi ailoweke kwenye maji kabla ya kuibandika kwa saruji, la sivyo kigae kikavu kitafyonza maji ya saruji kabla haijashika. Poseleni, aina nyingine ya kigae iliyoshikamana zaidi, hunywa maji kidogo mno, asilimia 0.5 au chini ya hapo, kwa hiyo saruji ya kawaida haiishiki vyema, na hapo inakubidi ununue gundi ya vigae, ile ya unga, ipakwe kwa mwiko wenye meno hadi ienee mgongo mzima. Fundi akitaka kuweka madonge ya saruji kwenye pembe nne na katikati, mkatalie bila haya, maana nyuma hubaki uwazi, na ukikigonga kigae hicho kwa kidole utasikia kinavyolia kitupu.

Najua unapenda jiwe la marumaru. Kwa jiko letu la kando ya ziwa, ambamo sato hukaangwa na ndimu hukamuliwa karibu kila siku, sikushauri hata kidogo: maji ya ndimu hulila jiwe hilo na kuacha doa lililofifia ambalo sabuni haiwezi kuliondoa. Graniti, ambayo ni jamii moja na mwamba wa Bismarck unaouona karibu na feri ya Kamanga, haiogopi ndimu, ingawa nayo ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo ili mafuta yasipenye. Ukipenda kioo, nyuma ya jiko la gesi kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto. Vigae vidogo vidogo vya mozaiki viweke mbali na karai, kwani viungio vyake ni vingi na kila kimoja kitadai kusuguliwa.

Hivyo viungio, rafiki yangu, ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko vigae vyenyewe. Acha nafasi ya milimita 2 hivi, ujaze grauti, ule unga maalumu wa kujazia viungio, wala si saruji nyeupe tupu, ambayo hupasuka na kunywa mafuta. Pale ukuta unapokutana na kaunta weka silikoni, gundi inayonyumbuka, kwa sababu vitu hivyo viwili havitanuki sawa na grauti ya hapo itapasuka tu. Bafuni ujue kwamba vigae na grauti peke yake havizuii maji. Ukuta wenyewe upakwe dawa ya kuzuia maji kwanza, hasa sehemu ya kuogea, kupita kimo cha bomba la mvua.

Usafi wake si mgumu. Kila ukimaliza kukaanga, futa ukuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla mafuta hayajagandamana. Asidi ya kusafishia choo usiiruhusu iguse viungio, kwa sababu huyeyusha saruji iliyomo, na kamwe usiichanganye na dawa yenye klorini, kwani hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni finyu. Koga huzuiwa zaidi na dirisha lililo wazi kuliko dawa yoyote.

Dukani hakikisha namba ya toleo iliyopigwa kwenye maboksi ni moja, kwa maana rangi hutofautiana kutoka toleo hadi toleo, na uongeze kama asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika. Nitumie urefu na kimo cha kila ukuta, pamoja na mahali palipo soketi, tukokotoe idadi ya maboksi kabla fundi hajaanza kazi.

Wasalimie Baba Kulwa na watoto.

Rafiki yako akupendaye,
Mama Neema