Katani yako imezaa

Usa River, Arusha
9 Desemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya. Lile furushi la katani ulilonitumia, huku ukinicheka kwamba nataka kusokota kamba uzeeni, limezaa.

Mayai ya koi, wale samaki wangu wa mapambo, hunata. Yasipopata pa kushika huanguka chini, na wazazi wenyewe huyala. Basi nikaichemsha katani yako, nikaibadilishia maji mara tatu mpaka rangi ikaisha, nikaiweka kidimbwini kwa mafungu. Jike mmoja, madume watatu. Dume utamjua kwa kumpapasa: wakati wake ukifika, mashavu na mapezi ya mbele huota vipele, hukwaruza kama msasa.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku. Alfajiri nikasikia maji yakipigwa vishindo, nikamwamsha Baba Salma nikijua ni mwizi. Kumbe madume wanamsukuma bibi harusi kwenye katani! Kulipopambazuka kila uzi umejaa mayai, kama punje za uwele zinazopitisha mwanga. Jike hutaga yapata laki moja kwa kila kilo ya uzito wake. Wangu ana kilo mbili, piga hesabu.

Nikaihamishia katani kwenye tangi la lita 1,000 lenye pampu ya hewa. Mayai yaliyokufa yaligeuka meupe yakaota ukungu kama pamba. Siku ya nne wakatoka viumbe wembamba kama kope, wakang'ang'ania kuta za tangi, hawali chochote, wanaishi kwa kiini walichobeba tumboni. Walipoanza kuogelea nikawapa kiini cha yai la kuku, kimechemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Hapo ndipo nilipoharibu. Mkono wangu wa upishi, unaujua, haujui kidogo. Maji yalichacha usiku mmoja, nikaamka nimepoteza sijui maelfu mangapi. Nililia, Baba Salma akaniuliza nani kafa.

Lakini waliobaki ni wengi bado, na kazi ngumu ni kuchagua. Wazazi wao ni Kohaku, weupe wenye mabaka mekundu, ila watoto wengi wametoka weupe tupu au wekundu tupu. Kule Niigata, Japani, walikoanzia kwa wakulima wa mpunga, wafugaji huchambua mara kadhaa na kubakiza wachache sana. Mimi nimeshindwa. Wenye mgongo uliopinda na midomo iliyokunjamana niliwapa bata wa jirani, usiku, wajukuu wamelala. Wengine naahirisha kila Jumamosi. Baba Salma akashauri tuwamwage mtoni, nikamkatalia kabisa. Hawa ni jamii ya samaki aitwaye kapu, huchimbua matope na kung'oa majani, mto haungekuwa mto tena.

Kwa hiyo wewe utanisaidia. Salma anakuja huko likizo hii, atakuletea kumi na wawili kwenye mfuko wa oksijeni, na sitawalisha siku moja kabla ya safari. Maji ya bomba yaache wazi juani siku mbili, dawa itoke. Mfuko uelee kwanza humo robo saa ndipo uufungue. Joto lenu la Tanga hupunguza hewa majini, basi wawekee kivuli na pampu. Na wavu juu, maana yule paka wako namjua.

Usisahau kumpa Salma katani nyingine.

Shoga yako,
Mama Salma