Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Wasomaji, Tabora

Wazee wetu, dada na kaka zangu, vijana, asalaam aleykum na Tumsifu Yesu Kristo.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti alete taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Hii ya mwaka 2024 nimeiweka pia kwenye kundi mapema, ili asiwepo wa kusema hakuiona. Nawashukuru mliofika. Wasiofika naomba wafikishiwe salamu, maana najua simu zao huwa hewani pale tu panapokuwa na malumbano.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitamchosha mtu. Usomaji wa Jumamosi jioni uliendelea, isipokuwa mwezi wa Ramadhani na wiki za kupanda. Tulikwenda Kwihara kuliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tulighani mashairi kwenye shule mbili za msingi, na watoto walitushinda. Tulifiwa na wanachama 2, Mungu awarehemu. Vikao vya kamati vilifanyika 8 kati ya 12. Anayetaka kujua vile 4 vilikwama wapi awaulize wajumbe. Mwenyekiti alikuwepo kila mara.

Fedha atazieleza mhazini, lakini kwa ufupi: ada zilizolipwa zote Sh. 816,000, zilizolipwa nusunusu Sh. 210,000, viingilio Sh. 60,000, michango ya wahisani Sh. 350,000, jumla Sh. 1,436,000. Matumizi: pango Sh. 480,000, umeme Sh. 90,000, vitabu Sh. 210,000, chai na vitafunwa Sh. 85,000, bando la katibu mwenezi Sh. 60,000, na ile kona ya kusomea na kupigia picha Sh. 415,000. Bakaa ni Sh. 96,000. Hakuna senti iliyolala nyumbani kwa mtu.

Sasa nije kwenye kona, kwa sababu najua nusu ya mliofika mmekuja kwa ajili hiyo.

Kwa asiyejua, kamati ilinunua kiti cha mninga, rafu ya mninga, taa ya chemli, pazia la rangi ya kahawia na fremu mbili za mtumba. Vikapangwa kwenye pembe ya chumba chetu pale Ng'ambo, upande wa dirisha la magharibi, ambako jua la saa kumi na moja linaingia vizuri. Kijana akija anakaa, anachukua kitabu, anapigwa picha, anaondoka. Sharti ni moja: kabla simu haijatoka mfukoni, asome ukurasa mmoja kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo. Sharti hilo, naomba liingie kwenye kumbukumbu, ni wazo langu.

Malalamiko niliyapokea yote. Kwamba chama kimegeuzwa studio. Kwamba vijana wanatafuta kiki. Kwamba mwenyekiti amekiuka ibara inayozuia malipo yanayozidi Sh. 300,000 bila idhini ya mkutano. Nianze na hili la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Kiti na rafu vilinunuliwa Machi kwa Sh. 265,000. Taa, pazia na fremu vilinunuliwa Aprili kwa Sh. 150,000. Hakuna malipo yaliyovuka kiwango. Na mkutano wa kuomba idhini niliuitisha Februari. Akidi ni wanachama 43, tukaja 17, na wawili kati yao walikuwa wamefuata chaja. Je, nilipaswa kuamua na viti?

Hoja nzito ni ile nyingine: kwamba fedha ile ingenunua vitabu. Inasikika vizuri mpaka ufungue daftari la azima. Mwaka 2023 tulikuwa na vitabu 412. Vilivyotoka rafuni, hata mara moja tu, ni 61. Vile 351 vilivyobaki wasomaji wake walikuwa mchwa. Ningeongeza vingine 40, mchwa wangenishukuru.

Kuhusu mtindo wenyewe. Haukuzaliwa Tabora, hilo nakubali. Vijana wanauita dark academia, yaani kujipamba kisomi cha kizamani. Ulianza kwenye mtandao wa Tumblr katikati ya muongo wa 2010, kisha ukaenea TikTok na Instagram mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona na vijana wakaanza kutamani hata maktaba walizokuwa wakizikimbia. Ni makoti ya sufu, mishumaa, kuta za mawe, vitabu vya Kigiriki na Kilatini, kila kitu rangi ya kahawa. Oktoba, joto likiwa limepamba moto, alikuja kijana kutoka Kiloleni amevaa koti zito la mtumba lililofungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, anauliza kama tunacho kitabu chochote cha kahawia. Hakutaja jina la kitabu wala la mwandishi. Rangi tu. Wazee walicheka, nami nilicheka, siwezi kusema uongo.

Lakini nikafanya kazi ambayo wakosoaji wangu hawakuifanya: nikaazima na kusoma riwaya inayotajwa sana kuwa mzizi wa mtindo huu, ile ya Donna Tartt iliyotoka Marekani mwaka 1992. Inahusu wanafunzi wachache wanaosoma Kigiriki cha kale, wanaojiona wamependeza kuliko watu wengine, wanaoishia kumuua mwenzao. Ni riwaya inayowasuta watu wanaopenda sura ya usomi kupita kiasi. Yaani kitabu kinachouonya mtindo ndicho kilichouzaa mtindo! Anayekishika kwa picha tu hatalijua hilo. Atakayefika mwisho atajikuta amesutwa yeye. Mimi sioni ubaya wa mtu kuvutwa na jalada kwenda kusutwa.

Na biashara ya vitabu imekwisha kuona nguvu hiyo. Riwaya ya Madeline Miller kuhusu Akile, shujaa wa hadithi za Kigiriki, na vita vya Troya ilichapishwa mwaka 2011, ikapata tuzo mwaka 2012, ikatulia. Mwaka 2021 vijana wa TikTok wakaanza kuililia mbele ya kamera, ikapanda kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa sana, miaka kumi baada ya kutoka. Maduka makubwa ya vitabu Marekani na Uingereza yakatenga meza za vitabu vinavyotajwa huko TikTok. Mtu atasema kununua si kusoma. Sawa. Lakini asiyenunua wala kuazima anasoma nini?

Nilisikia pia kwamba huu ni utumwa wa kizungu. Ndugu zangu, tuko Tabora. Shule yetu kongwe ya serikali ilianzishwa enzi za Waingereza, awali ikilenga watoto wa machifu, kwa mfano wa shule za mabwanyenye wa kwao, na viranja na sare na nidhamu zake. Mtindo mnaoukasirikia kwenye simu sisi tumeufuga hapa karibu karne nzima. Mwalimu Nyerere aliingia shule hiyo mwaka 1937, baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa. Kilichotoka huko ni nini? Mwaka 1963 alimleta Julius Caesar wa Shakespeare kwenye Kiswahili, na mwaka 1969 akamleta Shailoki, yule mkopeshaji, na deni lake la ratili ya nyama katika Mabepari wa Venisi. Vazi lilikuwa la kigeni, kazi ikawa yetu. Sisemi kijana wa koti la sufu atakuwa Mwalimu. Nasema tusimhukumu kwa koti.

Na tukiwa wakweli, wakubwa nao wana mtindo wao. Nani hapa hana kabati la vioo sebuleni, vitabu vimepangwa kwa urefu, ufunguo haujulikani uliko? Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel, kundi letu lilijaa picha yake na pongezi mpaka simu zikaganda. Mwaka 2022 ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake, Peponi, habari ya misafara ya biashara kutoka pwani kuingia bara, jambo ambalo mji huu uliishi kwalo. Tukanunua nakala. Mwaka mzima wa 2023 iliazimwa mara 2. Baada ya kuwekwa kwenye ile rafu ya mninga, mwaka huu imetoka mara 14, na jalada limeanza kuachia. Gharama ya gundi nimeilipa mimi.

Wafugaji wa nyuki mliomo humu mnajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta kwanza. Nyuki anafuata harufu. Asali ataitengeneza mwenyewe au hataitengeneza. Kona ni nta.

Niwape mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Juni alikuja binti wa Isevya, amemaliza kidato cha nne, na rafiki yake wa kumpiga picha. Akachagua Kusadikika ya Shaaban Robert kwa sababu nakala yetu ni ya zamani na kurasa zimegeuka rangi. Alikuwa ameishika juu chini. Nikamkumbusha sharti. Akafungua katikati, akaangukia penye Karama anayejitetea mbele ya baraza, akasoma ukurasa mzima kwa sauti ya mtangazaji, kwa mbwembwe. Kisha akanyamaza, akageuza ukurasa wa pili ambao hakuombwa. Rafiki yake akamwambia jua linaondoka. Akajibu, "Subiri, huyu kwani wamemfanya nini?" Picha ilipigwa gizagiza, haikufaa hata kupostiwa.

Aliazima. Jumamosi iliyofuata akakaa katikati ya wazee akambana mwalimu wetu mstaafu: wajumbe sita wanatumwa pande zote, mbinguni na ardhini, kila mmoja anarudi na jambo la heri kwa nchi, kila mmoja anafungwa. "Sasa yule wa pili akishaona wa kwanza kafungwa, kwa nini arudi?" Mwalimu akasema ni fumbo. Binti akasema fumbo halimzuii mtu kuwa na akili. Mwalimu alivua miwani. Kitabu kile amekifundisha miaka mingi kwa ajili ya mtihani, na swali lile, alikiri mwenyewe, halikuwahi kutoka. Walibishana hadi adhana ya magharibi. Mimi sijilinganishi na Karama, ila hadithi ya mtu anayeleta heri kisha akashtakiwa barazani nimeielewa zaidi mwaka huu.

Hesabu ya kona ni hii: waliokuja kupiga picha wanazidi 200, walioazima kitabu kwa dhamana 31, waliojiunga na chama 12. Ndiyo, zaidi ya 160 walikwenda na picha zao hatukuwaona tena. Wapo waliosoma ukurasa wao kama wanaosomewa hati ya mashtaka. Wapo waliodai bora kitabu kisionekane jina kwa sababu kilikuwa cha Kiswahili na hakiendani na muonekano. Hao walinikera kuliko mwenye koti, na tangu hapo rafu ya kona ina vitabu vya Kiswahili peke yake, kwa uamuzi wangu. Mapenzi ya fasihi siwezi kuyaona moyoni mwa mtu. Naona daftari. Daftari linasema vitabu vilivyotoka mwaka 2024 ni 148.

Na hapa niseme la ada. Tuko wanachama 86, ada ni Sh. 24,000 kwa mwaka, yaani Sh. 2,000 kwa mwezi, chini ya bei ya chipsi mayai. Kati ya wale vijana 12, waliolipa yote ni 9. Kati yetu wa zamani 74, waliolipa yote ni 25. Kati ya wanachama 5 walioandika barua ya kupinga kona, aliyelipa ada ni 1, na huyo namheshimu sana na nimemjibu kwa maandishi. Wengine 4 wanadai hesabu ya fedha ambayo hawakuichangia. Sitawataja. Wanajijua, na mhazini anawajua.

Mahudhurio ni yale yale. Jumamosi tunakuwa 9, tukizidi 15, tukitangaza kuna pilau tunakuwa 50. Wajumbe wanaosema "niko njiani" wakati jogoo wa kwao anasikika kwenye simu, tumewachoka.

Mipango ya mwaka ujao: Mungu akipenda tutaangalia uwezekano wa kupata chumba kikubwa zaidi, tutaendelea kuwasiliana na wahisani, tuone kama tunaweza kuwa na siku ya kusoma hadharani chini ya miembe, na ikiwezekana kuwatembelea wasomaji wenzetu wa Kigoma kwa treni. Vijana wameomba taa ya pili. Suala hilo litaletwa mkutanoni, akidi ikitimia.

Anayetaka kona iondolewe alete hoja kwa maandishi, ikiwa na majina ya waungaji mkono na stakabadhi zao za ada. Kiti kinaweza kuuzwa. Fundi wa Kanyenye amesema atakirudisha kwa nusu bei. Binti wa Isevya ameomba apewe nafasi ya kuzungumza kabla ya kura, nami nimemkubalia dakika kumi.

Ajenda inayofuata ni taarifa ya mhazini. Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo vingi tu.

Mwenyekiti