Pima miguu kabla ya kuinua kisigino

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wanaosumbuliwa na mgongo. Siku hizi mtu akilalamikia kiuno hulazwa mkekani, visigino vikalinganishwa, akaambiwa mguu mmoja ni mfupi. Jioni ameshanunua kipande cha sponji cha kuweka ndani ya kiatu. Kipimo hicho hakiaminiki. Aliyelala akijisogeza nyonga kidogo tu, kisigino kimoja hupanda, na mifupa iko vilevile.

Wengi wetu tuna tofauti ya milimita chache kati ya mguu na mguu. Tofauti iliyo chini ya sentimita 1 kwa kawaida mwili huimudu, na si haki kuibebesha lawama ya kila mgongo unaouma. Ikifika sentimita 2 ni jambo jingine: fupanyonga huinamia upande mfupi, uti wa mgongo hujipinda ili kichwa kibaki wima, na misuli ya upande mmoja inachoka kutwa nzima.

Upimaji wenye maana hauhitaji mashine. Anayepimwa alale chali, amenyooka. Chukua futi ya fundi cherehani, anzia kwenye ncha ya mfupa wa nyonga inayojitokeza mbele, shuka hadi kwenye kifundo cha mguu upande wa ndani. Rudia mara 3 kila mguu, maana futi huteleza kirahisi. Kisha asimame peku, magoti yamenyooka. Chuchumaa nyuma yake mpaka macho yako yawe usawa wa kiuno chake, weka vidole vya shahada juu ya kingo za nyonga mbili. Palipo chini, ingiza vibao vyembamba vya milimita 5 chini ya unyayo, kimoja kimoja, hadi vidole vyako vilingane. Unene wa vibao ndiyo tofauti.

Linganisha majibu hayo mawili. Futi ikisema miguu ni sawa lakini vibao vikasema sentimita 1, mapaja na miundi haina kosa. Futi huishia kwenye kifundo, haioni unyayo. Huenda upinde wa unyayo mmoja umelala: kisigino kikageukia nje, muundi na paja vikazunguka kwa ndani, nyonga ya upande huo ikashuka. Mwambie asimame kwa vidole. Upinde ukirudi, unyayo bado unanyumbulika, na mazoezi ya kupanda na kushuka kwa vidole, mara 10 kwa mizunguko 3 kila siku, yanafaa kuliko sponji. Pengine ni misuli ya nyonga iliyokaza, au kisigino kilichowahi kupondeka kwa kuanguka kutoka juu. (Watoto wadogo waachwe, unyayo bapa kabla ya miaka 6 ni kawaida.)

Futi na vibao vikikubaliana kuwa mguu ni mfupi, kwa mfano paja lililovunjika likaunga vibaya, ndipo twende kwa fundi viatu. Sponji haifai kwa kuwa hubonyea: asubuhi ni sentimita 1, baada ya wiki imebaki kama karatasi. Atumie ngozi zilizogundishwa au mpira mgumu. Aanze na milimita 5, aongeze kiasi hicho kila baada ya wiki 2, asimame pale maumivu yanapotulia. Si lazima kufidia tofauti yote. Ndani ya kiatu usizidi sentimita 1, la sivyo kisigino kitachomoka. Kinachobaki kiongezwe chini ya soli nzima, pembamba zaidi mbele, na ncha ya vidole ichongwe iinuke ili mtu asijikwae. Tofauti kubwa zipelekwe kwenye karakana za viungo bandia, kama za hospitali za KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam.

Kabla ya yote hayo, tazameni viatu vya mitumba. Viwekeni mezani, muviangalie kwa nyuma. Kilicholika upande mmoja kinainamisha mguu uliokuwa mzima.

Na mwenye ganzi sehemu za siri, mkojo unaogoma au kumtoka bila kujua, mguu unaolegea, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa na kukonda, asihangaike na soli. Aende hospitali leo hii.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Arusha